Ngoma Ipo, Kifungu Hakipo

Mwenge wa Uhuru unapokaribia mpaka wa wilaya, watu wa kwanza kufika uwanjani huwa ni wacheza ngoma. Wameletwa alfajiri kwa lori. Wanaokota majani makavu na maboksi, wanawasha moto, wanazigeuzageuza ngoma mpaka ngozi ikaze na kutoa sauti wanayoitaka, wanafunga njuga miguuni, halafu wanasubiri. Mwenge ukichelewa, ngozi inalegea na moto unawashwa upya. Hatimaye msafara unaingia, wanacheza dakika chache, mshereheshaji anawakatiza kwa sababu ratiba imebana, na itifaki inashika nafasi. Jioni wanapewa soda, chakula na nauli. Afisa utamaduni akiwa mtu wa kuhangaika, hupatikana pia bahasha ndogo, ambayo kwenye makabrasha ya halmashauri imepewa jina lingine: posho, viburudisho, maandalizi ya mapokezi.

Anayetaka kujua halmashauri zetu zinaisaidiaje sanaa ya wananchi aanzie kwenye hilo jina lingine. Asianzie kwenye hotuba. Hotuba za utamaduni hazijawahi kupungua: kila diwani anaipenda ngoma ya kwao, kila mgeni rasmi anatuhimiza kuenzi mila. Kinachokosekana ni kifungu, ule mstari katika kitabu cha bajeti unaosema fedha hii ni ya wasanii, ni kiasi hiki, na imelipwa. Na kwa kuwa kifungu hakipo, tumejizoesha kuamini kwamba halmashauri haina la kufanya. Si kweli. Halmashauri ina kiwanja, ina ukumbi, ina kibali na ina hati ya malipo, na kwa vitu hivyo inaijenga au inaibomoa sanaa kila wiki, mara nyingi bila hata kujua kwamba iko kazini.

Kifungu hicho hakikupotea kwa bahati mbaya. Utamaduni wa Tanzania huru ulizaliwa ukiwa mali ya taifa. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilitangazia Bunge kwamba anaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kikafuata Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Katikati ya hapo, mwaka 1972, serikali za mitaa zilivunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na kwa muongo mzima na zaidi hapakuwa na halmashauri ya wilaya ya kuzungumza nayo habari za ngoma wala za zahanati. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi 1984. Mwaka huohuo wa 1984 ilipitishwa sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kwa hiyo halmashauri zilipoamka zilikuta sanaa imeshapata mwenyewe, na mwenyewe yuko Dar es Salaam. Zilipewa afisa utamaduni. Fungu hazikupewa.

Afisa huyo kwa miaka mingi alikaa pembezoni mwa idara ya elimu, akitajwa mwishoni mwa taarifa. Muundo mpya wa halmashauri wa mwaka 2022 ulimpatia kitengo chake, cha utamaduni, sanaa na michezo, na hiyo ni hatua. Lakini hebu tazama kamati za kudumu za halmashauri ya wilaya: Fedha, Uongozi na Mipango; Elimu, Afya na Maji; Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Hoja ya ngoma ipite mlango upi? Hupitia wa elimu, na zamu yake ikifika wajumbe wameshajadili madawati, matundu ya vyoo na dawa zilizokwisha, na njaa inauma. Ndani ya kitengo chenyewe kuna michezo, na michezo ina UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule yenye tarehe, jezi na mabasi ya kukodi. Fedha kidogo ikipatikana inapanda basi. Hata kwaya na ngoma za shule hupata nafasi yake kwa kujibanza humohumo.

Upande wa fedha ndio unaoeleza mengi zaidi, ingawa hauna mvuto wa kusimulia. Ruzuku kutoka Hazina huja zikiwa na anwani: elimu, afya, kilimo na nyingine za aina hiyo. Utamaduni hauna anwani humo. Unategemea mapato ya ndani, na mapato ya ndani nayo yamekuwa yakimegwa. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Kodi ya majengo, ambayo miji mingi duniani huitegemea, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Katika kinachobaki, asilimia 10 lazima iende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu nyingine kubwa, kulingana na uwezo wa halmashauri, lazima iende kwenye miradi ya maendeleo, ambayo kwa tafsiri ya vikao ni kitu chenye ukuta na paa. Baki ndiyo inayolipa posho za vikao, mafuta ya magari, shajala za ofisi, na huko mwisho kabisa, ngoma. Mkurugenzi asiyetenga fedha za sanaa si lazima awe adui wa sanaa. Ametii maelekezo yote aliyopewa, na yalipokwisha kutiiwa hela ilikuwa imekwisha.

Sasa, kuna wakati ambapo halmashauri moja hapa nchini ilifanya jambo ambalo leo lingechekesha vikaoni. Ilikuwa na bendi.

Mlimani Park ilianzishwa 1978 chini ya kampuni ya umma ya teksi na usafirishaji, TTTS. Kampuni ilipochechemea, mwaka 1983 bendi ilichukuliwa na Dar es Salaam Development Corporation, DDC, shirika la biashara la Halmashauri ya Jiji. Hapo ndipo lilipotoka jina DDC Mlimani Park, wana Sikinde, jina la utani lililochukuliwa kwenye ngoma ya Wazaramo. Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule, Michael Enoch: waimbaji na wapigaji ambao nyimbo zao bado zinapigwa redioni kila wikiendi walikuwa, kwa maana ya kiutumishi, watu wa jiji. DDC ilikuwa pia na kikundi cha ngoma na maigizo, DDC Kibisa, kilichoshindana na kikundi cha Muungano cha Norbert Chenga katika kumbi za baa za Dar es Salaam miaka ya 1980, ambapo kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, vichekesho na taarabu.

Ukichunguza bendi ilivyokuwa ikiendeshwa, huoni ruzuku ya sanaa popote. DDC ilikuwa na baa na kumbi. Ukumbi unahitaji watu, watu wanafuata muziki, muziki unauza bia, na bia inalipa bendi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na mapato ya mlangoni yaliwaongezea. Na kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya bendi ya umma iwe jambo la kawaida kabisa: vyombo. Katika miaka ile ya uhaba wa fedha za kigeni, gitaa la umeme, spika na mitambo yake havikununulika dukani kwa mtu wa kawaida. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz ilikuwa imeonyesha njia tangu 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi, jeshi na mashirika ya umma yalifuata. Jiji lilipoingia lilikuwa linafanya biashara iliyokwisha zoeleka.

Sitaki kuupaka rangi ya dhahabu wakati ule. Mwajiriwa wa bendi hakuwa na haki ya jina wala ya vyombo, na mshahara wa umma haukuweza kumzuia mtu. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachota wanamuziki kadhaa wa Mlimani, Gurumo na Bitchuka wakiwemo, na jiji zima likazungumza habari hiyo kama usajili wa Simba na Yanga. Mageuzi ya uchumi yalipopamba moto, mashirika ya umma yaliacha kulea bendi moja baada ya jingine. Mwaka 1992 kikundi cha TOT cha John Komba kilizaliwa chini ya chama cha siasa, na mlezi mkubwa wa sanaa za jukwaani akawa mwenye kampeni ya kupiga. Hata hivyo jambo moja la DDC linastahili kukumbukwa na mtu yeyote anayeandika mkakati wa utamaduni wa halmashauri: fedha haikutoka mfuko wa hisani. Ilitoka kwenye ukumbi ambao jiji lilikuwa nao, siku zilizojulikana, watu wakijua waende wapi.

Ukumbi ndio ulioondoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza ilijenga kumbi za ustawi wa jamii katika miji ya Tanganyika, kwa hofu yake yenyewe, ikitaka askari waliorudi vitani wawe na pa kukaa na cha kufanya. Ule wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, wa miaka ya 1950, bado unasimama. Nia ya mkoloni ilikuwa yake, lakini majengo yalibaki, na vilabu vya dansi, taarabu na maigizo viliyatumia kwa miaka. Miji ilipokua mara tano na mara kumi, kumbi hazikukua nayo. Zilizopo zimegeuzwa ofisi, au zinakodishwa kwa harusi na semina kwa bei ambayo kikundi cha maigizo cha mtaani hakiwezi kuigusa. Sheria inaisukuma halmashauri kujenga shule na zahanati. Ukumbi wa sanaa ni hiari, na hiari hungoja mwaka wa neema.

Viwanja vina kisa chao cha ajabu. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani, vilivyojengwa enzi za chama kimoja, kwa sehemu kubwa kwa nguvu na michango ya wananchi, ni mali ya CCM: Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Sheikh Amri Abeid Arusha, Mkwakwani Tanga. Halmashauri ikitaka tamasha lake, yenyewe ni mpangaji. Inabaki na viwanja vya vumbi, Mwembe Yanga kule Temeke, Biafra kule Kinondoni, na yale maeneo ya wazi ambayo kila mpango wa mji unayachora kwa kijani na kila baada ya miaka michache unakuta kijani kimeota nyumba. Kwa maoni yangu, diwani anayezuia eneo la wazi la kata yake lisigawanywe amefanya kazi kubwa ya utamaduni kuliko aliyegharamia tamasha la siku tatu, na hatapigwa picha hata moja.

Kisha kuna kibali. Kibali cha ngoma ni kikongwe kuliko halmashauri zenyewe. Kanuni za miji za enzi ya Waingereza zilidai ruhusa na ada kabla ya ngoma kulia mjini. Leo anayetaka kupiga muziki mtaani anahitaji barua ya mtendaji, anahitaji polisi wajue, na BASATA wanataka msanii asajiliwe na ukumbi uwe na kibali, kazi ambayo wilayani huangukia mikononi mwa afisa utamaduni. Tazama basi alivyowekwa mtu huyu. Asubuhi ni mlezi wa wasanii, mchana ni mkaguzi wao. Fedha ya kuwapa hana, ila ada ya kuwatoza anayo. Msanii wa wilayani akiona gari la kitengo cha utamaduni limesimama nje ya ukumbi hadhani kwamba ameletewa msaada.

Singeli imeonyesha gharama ya mpangilio huo vizuri kuliko ripoti yoyote. Muziki huu ulikulia kwenye sherehe za mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, Tandale, Manzese na kwingineko, kwa kompyuta za kuazima na vionjo vya taarabu vilivyokimbizwa hadi mapigo yakapita mia mbili kwa dakika. Sijui kikao gani cha madiwani kingeupa hata shilingi. Ulichopata ni kufukuzwa: kelele, vigodoro, maadili, saa za usiku. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotengenezwa kwenye studio ndogo ya Dar es Salaam, na vijana waliokuwa wakikimbizana na mgambo wakajikuta wakipanda majukwaa ya Ulaya. Leo singeli inatajwa na viongozi kama kitambulisho cha taifa.

Nisieleweke kwamba jirani asiyelala hana haki. Anayo. Mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, au zamu ya alfajiri ana haki ya kumwita mtendaji. Kelele inakuwa vita kwa sababu spika zimewekwa katikati ya nyumba, na zimewekwa hapo kwa sababu hakuna pengine pa kuziweka. Halmashauri inayotoa kibali bila kutoa mahali inawagombanisha majirani, kisha inatoza faini aliyeshindwa.

Kuna fungu moja ambalo kwa sheria lipo na halikwepeki: ile asilimia 10. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Kila mwaka viongozi huwaambia wasanii waunde vikundi wakakope. Ni ushauri mzuri kwa mshonaji wa mavazi ya jukwaani, kwa fundi wa vyombo, kwa mwenye studio anayetoza kwa saa. Kwa kikundi cha ngoma ni mtego. Mkopo unadai marejesho ya kila mwezi, na ngoma haiingizi fedha kila mwezi. Inaingiza msimu wa harusi, wa mavuno, wa jando, wa ziara za viongozi. Si ajabu basi kikundi cha sanaa kikaandika andiko la kufuga kuku, kikapata mkopo, kuku wakafa kwa kideri, na kumbukumbu za halmashauri zikaonyesha kwamba wasanii hawalipi. Mikopo yenyewe ilisitishwa Aprili 2023, baada ya ukaguzi kukuta fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Utaratibu wowote utakaokuja, mkopo utabaki mkopo. Kuuita ruzuku ya sanaa ni kumdhulumu msanii na mkopo wenyewe.

Wanaoudhika na hali yetu hupenda kunyooshea kidole kaskazini, kwa hiyo tutazame. Katiba ya Kenya ya 2010 iliamua waziwazi: Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani na huduma za umma za aina hiyo, pamoja na maktaba, makumbusho, sinema, na katika orodha hiyohiyo kamari, mbio na leseni za pombe. (Aliyepanga orodha hiyo aliujua mji.) Kaunti 47 zilianza kazi 2013 zikiwa na mgao wa mapato ya taifa usiopungua asilimia 15, na bunge la kaunti ndilo linaloamua utamaduni upate nini humo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwakilishi wa wadi akiulizwa fedha za utamaduni ziko wapi hawezi kuelekeza Hazina wala wizarani.

Matunda yake yamechanganyika. Turkana ilianzisha Tobong'u Lore, tamasha la Lodwar linalowakusanya Waturkana na jamaa zao wa Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini, watu ambao mipaka ya nchi iliwatenga na ambao kwa kawaida hutajwa magazetini kwa habari za wizi wa mifugo tu. Hilo ni jambo ambalo wizara ya Nairobi isingelifikiria. Lamu ina tamasha lake la mbio za punda na mashua, bao na mashairi, ambalo wageni huvuka bahari kulifuata. Lakini tamasha ndiyo sura ya utamaduni ambayo wanasiasa wanaielewa upesi kuliko zote: lina jukwaa, lina mgeni rasmi, lina fulana. Hema likishang'olewa, kikundi kinarudi nyumbani na fulana. Bajeti ya utamaduni inaweza kuliwa yote ndani ya wiki moja ya mwaka na bado taarifa ikasomeka vizuri.

Mfano wa Kenya unaonivutia zaidi hauna jukwaa. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu. Iliingia mikononi mwa halmashauri ya jiji 1962, na ina matawi Kaloleni na Makadara, mitaa ya wafanyakazi wa Eastlands. Kwa miaka ilichakaa kama mali nyingine za jiji. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange, mwandishi, na Angela Wachuka, mchapishaji, walianzisha Book Bunk na kuingia makubaliano na kaunti: majengo yanabaki ya umma, wafanyakazi wa kaunti wanabaki, wao wanatafuta fedha na kukarabati. Kaloleni na Makadara zilifunguliwa upya, na sasa kuna watoto wanaosoma hadithi, vijana wanaorekodi, wazee wanaokutana. Kaunti haikuhitaji mamilioni mapya. Ilihitaji kukubali kwamba ina nyumba, na kwamba mwingine anaweza kuitengeneza bila kuipora.

Hapa kwetu walezi wa namna hiyo wapo, ila kwa kawaida halmashauri imesimama kando. Kule Kisesa wilayani Magu, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yalianzishwa na padri Mkanada, David Clement. Kila Juni, kwenye sikukuu ya Bulabo, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana. Hakuna meza ya majaji yenye vikombe. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila manju na madoido yake, wengine na nyoka, na watazamaji huhama kwa miguu kutoka upande huu kwenda ule. Anayewabakisha ndiye aliyeshinda. Mtwara kuna tamasha la MaKuYa, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, lililoanzishwa na shirika lisilo la kiserikali. Unguja kuna Sauti za Busara, lililoanza 2004 na ambalo mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Kanisa, wafadhili, tiketi za watalii: kila mlezi ana siku yake ya kuchoka, na akichoka hakuna wa kupokea mzigo. Bujora haihitaji halmashauri iibunie ngoma. Inahitaji maji, vyoo, barabara inayopitika Juni, na uwanja usiokatwa viwanja vya makazi.

Turudi kwenye soda na nauli, kwa sababu hapo kuna jambo linaloweza kubadilishwa bila kungoja katiba mpya. Halmashauri ni mteja mkubwa wa sanaa. Inaita vikundi kwenye Mwenge, kwenye ziara, kwenye uzinduzi wa zahanati, kwenye kampeni za chanjo na za UKIMWI. Tangu mradi wa Malya wa mwaka 1982 na 1983, ambapo Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya sanaa za maonesho na wanakijiji juu ya matatizo yao wenyewe, tunajua kwamba ngoma na igizo hufikisha hoja mahali ambapo bango halifiki. Ni huduma, na kila idara inaitumia. Kwa nini hailipwi kama huduma?

Jibu, kwa sehemu kubwa, ni karatasi. Malipo ya umma yanadai mzabuni aliyesajiliwa, mwenye namba ya mlipakodi, mwenye akaunti, anayetoa risiti ya mashine, na tangu 2023 anayepatikana kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST. Manju wa miaka sabini hana hata kimoja. Mwenye kampuni ya mahema, viti na muziki anavyo vyote. Matokeo yake, sherehe moja, halmashauri moja, siku moja: aliyeleta viti analipwa mamilioni kwa hati halali ya malipo, na aliyeleta ngoma anapewa soda, kwa sababu soda ndiyo inayoweza kupata risiti. Mhasibu hajaiba. Amefuata mfumo ambao haujawahi kumwona mpiga ngoma.

Dawa ya hilo ni ya kuchosha, na ndiyo maana hakuna anayeipigia hotuba. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kikundi cha ngoma cha wanawake au cha wazee ni kundi maalumu. Afisa utamaduni na afisa maendeleo ya jamii wakikaa mezani siku mbili wanaweza kuvisajili vikundi kumi vya wilaya, na idara ya afya ikavilipa kwa kifungu chake yenyewe cha uhamasishaji, ile ya elimu kwa chake, bila kumngoja mtu aanzishe kifungu cha utamaduni. Fedha za sanaa nyingi zimeshatengwa, zimekaa ndani ya mafungu ya wengine chini ya majina mengine.

Hivyohivyo na kumbi. Bei ya kukodi ukumbi wa halmashauri iko kwenye sheria ndogo za ada na ushuru, zinazopitishwa na Baraza la Madiwani na kupata idhini ya waziri. Hakuna kinachozuia jedwali hilo kuwa na mistari miwili: bei ya harusi na semina, na bei ya mazoezi ya vikundi vilivyosajiliwa, siku za katikati ya wiki ambazo ukumbi umelala. Mapato yatakayopotea Jumanne mchana ni sifuri.

Ila mstari huo unatakiwa kuombwa kwa wakati wake. Mipango huanzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, inapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, na bajeti hufika mbele ya madiwani mwanzoni mwa mwaka. Barua ya kikundi yenye kichwa cha ombi la ufadhili, inayofika kwa mkurugenzi mwezi Mei na kushushwa kwa afisa utamaduni, inakuta fedha ya mwaka unaoisha imekwisha na ya mwaka unaoanza Julai imeshagawanywa. Kikundi kinachotaka ukumbi kwa bei yake kinahitaji kuwa kwenye mkutano wa mtaa miezi sita kabla, kwenye foleni ileile ya wanaodai kivuko na matundu ya vyoo, na kiwe na mtu wa kuhakikisha kwamba katibu ameliandika ombi lao kwenye muhtasari.